Baba Kucheza Gemu: Je, Ni Ungwana?



Katika jamaa zetu za Louisville, Columbus na Buffalo kuna maneno yanayonong'onwa jikoni kila tunapokutana kwenye arusi au hitima. Ati baba mzima, mwenye ndevu na mke na watoto watatu, anakaa kwenye kochi na kidude mkononi akicheza mchezo wa televisheni kama mtoto. Wengine huyasema kwa masikitiko, wengine kwa kicheko, na kina mama wakwe huyasema kwa namna yao ambayo sina haja ya kuieleza. Nilipoombwa kuandika rai yangu katika kitabu chetu cha mwaka huu, nimelichagua jambo hili kwa sababu naona linasemwa sana na kufikiriwa kidogo.

Wale tuliokulia Kenya tunakumbuka kipindi cha redio cha Leonard Mambo Mbotela, kilichoanza mwaka 1966, ambacho kilikuwa kikiuliza juu ya kila tabia: Je, huu ni ungwana? Mzee huyo alifariki mwaka 2025, lakini swali lake bado ni zuri, nami nalitumia hapa. Baba kucheza gemu, je, ni ungwana? Jawabu langu nalitoa mapema ili asiyekuwa na nafasi ya kusoma mpaka mwisho alipate. Ni ungwana, ikiwa mchezo wenyewe uko sebuleni mbele ya macho ya watu wa nyumbani, na mkewe na watoto wake wamekwisha pata haki yao. Sasa nitaeleza kwa nini.

Tuanze na baraza. Watu wa rika langu tumekulia Mombasa, Lamu, Kismayu, Ujiji na Uvira, na kila mmoja wetu anaikumbuka baraza ya mtaa wake. Jioni wanaume walitoka, mkeka ukatandikwa, bao likaletwa. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na mtu anayelijua vizuri hukaa nalo mpaka jua likachwa asione kuwa muda umepita. Mwalimu Nyerere, naye ni rais wa nchi, alikuwa mpenzi wa bao, wala hatukusikia mtu akisema kwamba amejishusha. Waliokosa bao walicheza karata, dama au keram. Hao wote walikuwa baba za watu, na hakuna aliyewaita watoto.

Lakini mimi ni mwanamke, na baraza niliijua kutoka upande wa ndani wa mlango. Marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa bao. Nilikuwa nikisikia kete zikilia na wanaume wakicheka huku nami nakuna nazi, mtoto yuko mgongoni, na madaftari ya wanafunzi yananingoja juu ya meza. Watoto wetu walimjua baba yao kama mtu anayeingia magharibi, akauliza kama wamedurusu, kisha akala. Alikuwa baba mwema, na desturi ya wakati ule ilikuwa hiyo: mchezo wa baba ulikuwa nje, na nyumba ilikuwa ya mama. Basi leo ninapomwona mkwe wangu ameketi juu ya zulia, mtoto mmoja kamwegemea begani na mwingine yuko pajani, wote watatu wanapiga kelele kwa bao lililokataliwa, siwezi kusema kwamba katika jambo hili sisi wa zamani tulikuwa bora kuliko wao.

Tena tuyatazame maisha yenyewe ya baba huyo. Vijana wetu wengi wa Louisville wanafanya kazi za usiku. Mji ule una kituo kikubwa cha ndege za mizigo za UPS, kiitwacho Worldport, kilichofunguliwa mwaka 2002, ambako vifurushi huteremshwa na kuchambuliwa wakati watu wengine wamelala. Baba anatoka nyumbani saa nne za usiku, anarudi jua halijapanda, analala asubuhi. Watoto wanarudi kutoka shule yapata saa kumi alasiri. Kwa hiyo ana saa sita tu za kuoga, kula, kusali, kwenda dukani, kusaidia hesabu za shule, kujibu barua za serikali, na kuwa baba. Katika saa sita hizo akitoa saa moja akacheza na wanawe, mimi siioni kuwa saa iliyopotea.

Na kama hatacheza nyumbani, aende wapi? Nani ataketi nje barazani mwezi wa Januari katika baridi ya Columbus? Iko mikahawa ambako wanaume wetu hukutana kwa chai na siasa, nami siikatai, lakini baba akienda huko kila jioni amerudi kule kule kwa zamani, nje ya nyumba, na mama amebaki na watoto peke yake.

Watu hudhani kwamba mchezo wa televisheni ulibuniwa kwa ajili ya mtu mpweke aliyejifungia chumbani. Historia yake inasema vingine. Aliyeubuni alikuwa mkimbizi kama wengi wetu. Jina lake Ralph Baer, Myahudi aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1922, na jamaa yake walikimbilia Marekani mwaka 1938. Mwaka 1966, akiwa New York kwenye kituo cha mabasi akimngoja mwenzake, alianza kuandika karatasini wazo lake: televisheni zimejaa majumbani, kwa nini watu wazitazame tu? Mashine iliyotokana na wazo hilo, Magnavox Odyssey, iliuzwa madukani kuanzia mwaka 1972. Mchezo wake uliojulikana zaidi ulikuwa tenisi ya meza, nao ulitaka watu wawili, kwa sababu mashine yenyewe haikujua kucheza na mtu. Ilihitaji baba na mwana, au mke na mume, waketi bega kwa bega mbele ya kioo kimoja. Miaka minne baadaye, mwaka 1976, ikaja mashine ya Fairchild Channel F, ambayo mtu angeweza kuibadilishia michezo, na kazi yake iliongozwa na mhandisi Mmarekani mweusi, Jerry Lawson. Hata Nintendo, ambayo wajukuu wetu wanaijua kuliko jina la babu wa babu yao, ilianza Kyoto mwaka 1889 kwa kutengeneza karata. Yaani asili ya mambo haya ni ile ile ya mkekani: watu wameketi pamoja, wanashindana, wanataniana.

Wenzetu wa Buffalo wanalikumbuka tufani la theluji la Desemba 2022. Lilianza tarehe 23, magari yakapigwa marufuku barabarani, na katika wilaya ya Erie watu zaidi ya 40 walipoteza maisha. Jamaa zetu walifungiwa ndani siku kadhaa, na sisi wa Columbus hatukuiacha simu. Katika nyumba moja ambayo umeme ulikuwa haujakatika, baba alianzisha mashindano ya kandanda ya televisheni. Matokeo yaliandikwa nyuma ya kalenda, na bibi, ambaye hajui kuotea ni nini, akafanywa mwamuzi. Mtoto wa mwisho wa nyumba ile ukimwuliza leo juu ya tufani atakwambia kwamba alimfunga baba yake mabao manne. Hofu iliyokuwa nyumbani siku zile hakuiona. Baba aliifunika kwa mchezo, na hiyo nayo ni kazi ya baba.

Sasa nije kwenye lugha, jambo linaloniuma mimi kama mwalimu. Tunalalamika kwamba watoto wetu wanajibu Kiingereza wakisemeshwa Kiswahili. Tunawapeleka madarasa ya Jumamosi, tunawapa vitabu, tunawagombeza, na bado Kiswahili chao ni cha "shikamoo" na "chakula tayari". Lugha haikai mdomoni mwa mtoto kwa kugombezwa. Inataka jambo ambalo mtoto mwenyewe ana hamu nalo, tena la haraka, lisilompa nafasi ya kutafsiri. Nimemsikia baba mmoja wa Louisville akitangaza mchezo wake na wanawe kama alivyokuwa akitangaza Mbotela kandanda katika redio: anakwenda, anamchenga, anatoa pasi ndefu, lahaula, amepaisha! Kwa mwaka mmoja watoto wale wamepata kuchenga, kupaisha, kuotea, kulia na kushoto, mbele na nyuma, na matusi mawili matatu madogo ambayo mama yao ameyapiga marufuku. Mimi nimefundisha sarufi miaka mingi darasani, na naijua tofauti baina ya neno lililokaririwa na neno lililotumika.

Tena mchezo huu unavuka miji. Kutoka Louisville mpaka Buffalo ni zaidi ya maili 500, na ndugu wawili waliolala kitanda kimoja utotoni wanaweza kukaa mwaka bila ya kuonana uso kwa uso. Lakini Ijumaa usiku huyu yuko Louisville na yule yuko Buffalo, wanacheza kwa njia ya intaneti, na katikati ya mchezo utawasikia: mama anaendeleaje na mguu wake? Ile pesa ya Uvira ilifika? Kijana wako ameshapata kazi? Wanaume wetu hawapigiani simu ili kuulizana hali, wanaona haya. Wakiwa na mchezo mikononi wanasema.

Mzee mmoja ninayemheshimu sana amenipinga. Anasema kwamba baba akishindwa na mtoto wake katika mchezo, kesho mtoto atamshinda na kwa maneno, na heshima itakuwa imekwisha. Hoja yake naielewa, kwa kuwa hapa ugenini heshima ya baba imekwisha jeruhiwa. Mtoto wa miaka kumi ndiye anayemsomea baba yake barua ya hospitali, ndiye anayemfasiria shuleni kwa mwalimu, ndiye anayejua nambari za siri za kila kitu. Lakini barazani kijana alikuwa akimfunga mzee bao mbele ya watu, kisha akainuka akambusu mkono. Heshima haikutegemea kete. Baba atakayevunjiwa heshima na mabao matatu ya televisheni, heshima yake ilikuwa imeshavunjika kwa sababu nyingine. Na mtoto anayemwona baba yake ameshindwa, akacheka, akasema "hongera, tucheze tena", amejifunza somo ambalo mimi sikuweza kulifundisha kwa chaki.

Nimesema mazuri yake; haki inanitaka niseme na mabaya. Sisi tuliosoma chuoni tulifundishwa kwamba wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya pwani yetu, waliuona mchezo wa sataranji kuwa ni makuruhu tu, mradi usiwe na kamari wala usimpotezee mtu sala. Wakristo walio katika jamaa yetu hawakufundishwa hivyo, lakini mizani hizo mbili, za pesa na za wakati, zinamfaa kila mtu.

Pesa kwanza. Michezo mingi ya siku hizi hupewa mtu bure, kisha humnyonya kidogo kidogo kwa kumwuzia nguo za wachezaji na masanduku ambayo mnunuzi hajui ndani yake mna nini. Mwaka 2018 serikali ya Ubelgiji iliamua kwamba masanduku ya namna hiyo ni kamari. Hapa Marekani, Desemba 2022, kampuni ya Epic Games, yenye mchezo wa Fortnite, ilikubali kulipa dola milioni 245 za kurudishiwa wachezaji, baada ya Tume ya Biashara ya serikali kudai kwamba watu walinasishwa kwa vitufe vyake wakanunua wasichokitaka, na kwamba watoto waliweza kununua bila ya idhini ya wazazi. Kwa hiyo kadi ya benki isiachwe ndani ya mashine. Fedha ya kodi ya nyumba na fedha ya kupeleka nyumbani haina nafasi katika mchezo.

Wakati ni wa pili. Shirika la Afya Duniani limeuandika uraibu wa michezo hii katika orodha yake ya maradhi, inayotumika tangu Januari 2022. Dalili walizozitaja si za ajabu: mtu hawezi kujizuia, mchezo unatangulia mbele ya mambo yake yote mengine, naye anaendelea hata anapoona madhara, na hali hiyo kwa kawaida inadumu miezi 12 au zaidi. Baba aliyekosa zamu ya kazi kwa sababu ya mchezo, au anayecheza katika chumba cha chini ya nyumba, mlango umefungwa, masikio yamezibwa, hata mtoto akianguka hasikii, huyo simtetei. Yuko ndani ya nyumba na hayupo. Mume wangu akiwa barazani ningeweza kumwita kwa kugonga dirisha, naye akaja. Huyu wa chini ya nyumba haitiki.

Halafu iko mizani ya tatu ambayo wanazuoni hawakuiandika, pengine kwa sababu walikuwa wanaume. Baba anapocheza, nani anaosha vyombo? Mama wa siku hizi naye anatoka kazini. Huko Columbus nawajua wengi wanaohudumia wazee na wagonjwa zamu nzima, wakirudi wanakuta sinki limejaa na mwanamume anasema "mara moja tu, namaliza hii". Mchezo unaosimama juu ya mgongo wa mama si mchezo wa familia. Baba na wanawe waoshe vyombo kwanza, wote pamoja, ndipo kidude kishikwe. Na kama baba ana saa yake ya kupumzika, mama naye awe na yake, ya kulala au kuzungumza na dada zake, bila ya kuulizwa chumvi iko wapi.

Jambo la mwisho linawahusu kina mama wenzangu na mabibi. Tangu mwaka 1994 michezo inayouzwa nchini hapa huwekewa herufi ya umri: E ni ya kila mtu, T ni ya vijana, M ni ya kuanzia miaka 17. Ni wangapi kati yetu wanaozijua herufi hizo? Baba anayecheza anazijua, tena anajua kilichomo, nani anatukana, na sauti ya mtu gani asiyejulikana inaingia masikioni mwa mtoto kutoka mji wa mbali. Anayelalamika jikoni hajui. Nyumba yenye baba anayecheza na wanawe ina mlinzi mlangoni, na mlinzi huyo tusimfukuze kwa dhihaka zetu.

Basi nawaombeni yafuatayo. Kina baba, toeni mashine chumbani mwiweke sebuleni, vueni vile vya masikioni watoto wakiwapo, na mtangaze mchezo kwa Kiswahili. Kina mama wakwe, mkimkuta mkwe wenu anacheza, tazameni kwanza kama vyombo vimeoshwa na kama watoto wako pamoja naye. Mkikuta yote mawili, kaeni mnywe chai yenu. Na wazee, kama mna bao ndani ya sanduku, litoeni. Mtoto anayehesabu upesi kwenye kioo atahesabu na kete, na baba yake atafurahi kuona kwamba mchezo wake una ukoo.

Tukikutana Buffalo, naomba tutenge siku moja twende Rochester, safari ya saa moja na ushei kwa gari. Huko kuna jumba la makumbusho ya michezo, The Strong, ambalo tangu mwaka 2015 linaitunza heshima ya michezo ya video iliyotia fora, na ya kwanza kuingizwa ilikuwa pamoja na Pong, Pac-Man na Tetris. Wanaume waende na wanawe wakawaonyeshe. Sisi wanawake tusibaki garini na vikapu vya chakula, tuingie tucheze. Mimi nitaanza na Tetris, kwa kuwa nimeelezwa kwamba kazi yake ni kuvipanga vitu vinavyoanguka ovyo mpaka kila kimoja kikae mahali pake, na kazi hiyo nimeifanya nyumbani miaka yote bila ya kupewa alama.

Nawatakieni nyote mwaka wa heri na afya.

Mwalimu mstaafu, Columbus